Ua Lenye Kofia

Dakika aling'oa mizabibu ya ukutani kwa nia njema kabisa. Alikuwa amehamia kwa shemeji yake miezi michache tu nyuma, baada ya kufunga duka lake la kutengeneza saa mjini, na alitafuta kila njia ya kuonekana ana faida pale nyumbani. Shemeji yake, mjane wa kaka yake mkubwa, alikuwa amesafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Kabla ya kupanda basi alimwambia, "Shemeji, nyumba ni yako. Wewe mwagilia tu, usijisumbue." Kumwambia Dakika asijisumbue ilikuwa sawa na kumwambia ajisumbue mara mbili.

Jina hilo alilipata dukani. Kila mteja aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa, "Dakika moja tu," na dakika hiyo iliweza kufika hata wiki inayofuata. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu asiyeweza kuiachia saa itoke mkononi mwake ikiwa bado inachelewa, hata kidogo. Na hakufunga duka kwa kukosa wateja, ingawa nao walikuwa wamepungua. Mikono ndiyo iliyomwangusha. Ilianza kutetemeka, na skrubu ndogo kama chembe ya mchanga zikawa zinamruka kutoka kwenye kibano na kupotelea sakafuni. Siku moja alitambaa chini ya meza akitafuta skrubu mpaka magoti yakafa ganzi. Aliposimama alifuta meza, akapanga vifaa vyake ndani ya mkebe wa biskuti, akafunga mlango na kurudisha ufunguo kwa mwenye nyumba.

Shemeji yake aliitwa Mama Shada na mtaa mzima, kwa sababu zabibu zake hakuziuza zikiwa zimepukuchuliwa. Ukitaka, unachukua shada zima. Hutaki, salamu kwa watoto. Shamba lenyewe lilikuwa nyuma ya nyumba, mistari ya mizabibu iliyolazwa juu ya nguzo na waya, kuanzia karibu na mlango wa jikoni mpaka kwenye ukuta wa nyuma. Zilikuwa zabibu ndefu, za rangi ya kijani inayoelekea manjano, ganda jembamba, na watu walizifuata kutoka mbali. Mbegu ya aina ile aliileta marehemu mumewe wakati wa ujana wao, vijiti vilivyofungwa kwenye gunia lenye unyevu.

Ila ule mstari wa mwisho, uliokuwa umepanda ukutani, ulikuwa wa namna nyingine. Majani yake yalikuwa madogo na meusi zaidi, ukuaji wake wa fujo, na tangu dunia iumbwe haukuwahi kuzaa hata punje moja. Majirani waliuita "wageni wa kudumu". Marehemu alipoulizwa alijibu, "Hao waacheni, wana kazi yao." Hakuwa mtu wa maneno mengi, na maelezo mengine alikwenda nayo.

Kwa hiyo Dakika alishika jembe na mtaimbo, akaing'oa mizabibu ile mpaka mizizi, akaichoma moto, na mahali pake akapanda maharagwe. Mama Shada aliporudi alisimama kwenye mlango wa jikoni, begi bado liko begani, akautazama ukuta mtupu.

"Umeng'oa?"

"Nimeng'oa, shemeji. Walikuwa wanakunywa maji bure."

Mama Shada alishusha begi. Kisha akasema, "Marehemu alisema tuwaache."

"Alisema kwa nini?"

Akafikiri, akatafuta kweli kichwani mwake. "Hakusema," akajibu, akaingia ndani kubandika chai. Hawakugombana. Maharagwe yenyewe yalistawi, wakayala, wakapanda tena.

Msimu uliofuata walipogoa mizabibu kama kawaida. Machipukizi yakatoka, na kwenye machipukizi vikatokeza vichala vichanga, kila kimoja kimejaa vijipunje vya kijani vidogo kuliko kichwa cha pini. Halafu ikaja mvua ya ajabu, ya baridi, ikanyesha mchana na usiku kama mtu anayelipiza kisasi. Jua liliporudi, ardhi chini ya waya ilikuwa imetapakaa vijipunje. Vichala vilibaki mifupa mitupu. Hapa na pale palining'inia zabibu moja kubwa, imezungukwa na nyingine ngumu ndogo kama pilipili manga, zisizokua wala kuiva.

Alikuja mtaalamu wa mimea kutoka kituo cha kilimo, msichana mwembamba mwenye pikipiki kubwa kumzidi. Alikagua majani, akachimba udongo, akauliza kuhusu mbolea. "Ni mvua, mama," alisema. "Ikinyesha wakati wa maua, mzabibu humwaga. Na samadi mpunguze kidogo, mizabibu yenu imenenepa." Mama Shada aliitikia kwa kichwa, ingawa lile neno maua lilimpita kando, tangu aolewe hakuwahi kuona ua kwenye mzabibu. Akiwa anavaa kofia yake ngumu ya pikipiki, mtaalamu aliuliza jambo la mwisho: "Mna aina moja tu ya zabibu hapa?"

"Moja tu," alijibu Dakika. Na kwa siku ile lilikuwa jibu la kweli.

Samadi wakapunguza. Msimu mwingine ukafika, na safari hii hakukuwa na wingu hata la kusingiziwa. Jua lilikuwa zuri, upepo mpole, vichala vingi mpaka vinagombania nafasi. Asubuhi moja Mama Shada alipitisha mkono chini ya kichala kimoja kilichotangulia wenzake, akakigusa kidogo tu. Vijipunje vikamwagika kiganjani mwake kama makombo ya mkate.

Alivitazama, kisha akavipukuta. "Shemeji," alisema, amempa mgongo, "nitang'oa yote. Nitapanda mahindi."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo maana Dakika alishtuka. Aliwahi kuisikia sauti ile mara moja tu, siku shemeji yake alipokuwa anagawa nguo za marehemu. Akaingia chumbani kwake, akavuta mkebe wa biskuti kutoka chini ya kitanda, akatoa lenzi yake ya kazi, ile ndogo nyeusi inayobanwa kwenye jicho. Hakuwa na mpango wowote. Alijua tu kwamba saa ikikataa kwenda, hukai ukakisia. Unaifungua ukaitazama ndani.

Alichagua kichala ambacho vijipunje vyake bado vilikuwa vimeshika, karibu na mlango wa jikoni ambapo jua la asubuhi lilikuwa limeanza kufika. Akageuza ndoo, akaikalia, akabana lenzi jichoni na kusogeza uso.

Mwanzo aliona rangi ya kijani tu. Kisha macho yakazoea, na kile alichokuwa akikiita kijipunje kikawa kitu chenye umbo, kama chupa nene iliyofungwa vizuri juu. Palikuwa na mistari mitano myembamba kutoka chini mpaka kileleni, mahali ambapo vipande vitano vilikutana na kushonwa pamoja. Dakika aliyafahamu maungio. Maisha yake yote alifungua vitu vilivyofungwa na watu hodari, na hapo aliona kufungwa kulikozidi kwa ustadi kila alichowahi kukishika.

Jua lilipanda kidogo, likakipiga kichala sawasawa. Na mbele ya jicho lake kimojawapo kikaachia. Hakikufunguka juu, kama maua yote anayoyajua yanavyofunguka. Kiliachia chini, kwenye kikonyo. Vile vipande vitano vilibanduka kwa pamoja, vikajikunja kwenda juu, vikiwa bado vimeshikana kileleni, na kikawa kikofia kidogo cha kijani kinachoinuliwa taratibu, kama mtu anayeingia nyumba ya heshima na kuvua kofia yake. Kikofia kilisimama kidogo, kikainama, kikaanguka. Chini yake palibaki kitu kimesimama wazi, kibichi, kinang'aa, na juu ya kichwa chake palikuwa na tone la unyevu lisiloonekana bila lenzi.

Kikaachia kingine. Kisha pembeni, kingine. Kichala kizima kilikuwa kinavua kofia.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji, njoo! Njoo upesi!"

Mama Shada alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi. "Yuko wapi? Nyoka?"

"Siyo nyoka. Ua!"

"Ua gani la kuniitia hivyo, mwanamume mzima?"

"Kaa hapa. Kaa, nakuomba. Bana hii jichoni."

Alikaa huku ananung'unika. Lenzi ilimponyoka mara mbili, akacheka, akasema uso wake haukuumbwa kwa ajili ya saa. Kisha ikashika, na akaacha kucheka. Dakika alimwona bega likishuka, na mwiko ukishuka polepole mpaka ukagusa ardhi. Kwenye jiko kitu kilianza kuungua, wote wawili wakasikia harufu, hakuna aliyeinuka.

"Kinavua," alisema Mama Shada kwa sauti ya chini. Baada ya muda akasema, "Mimi nilijua hivi ndivyo vizabibu vyenyewe, vichanga. Nilijua vinakua tu." Akasogeza uso zaidi. "Yaani haya yote yanafanyika kila msimu, na mimi napita hapa na ndoo."

Alikaa hapo mpaka jua likawa kali na vikofia vikaacha kudondoka. Alipoinuka, alama ya lenzi ilikuwa imemzunguka jicho kama pete, na hakuifuta. Hakutaja tena mahindi siku ile.

Sasa Dakika alirudi kwenye ndoo kama fundi. Aliona kuwa kuzunguka lile umbo la kijani palikuwa na nyuzi tano nyembamba, kila moja na kichwa kidogo cha manjano. Lakini nyuzi zile hazikusimama. Zilikuwa zimepinda kwenda nyuma na chini, zimejikunja kama kope, vichwa vyake vimelipa ua mgongo. Alikagua ua jingine, na jingine, akahamia mstari wa pili. Zote zilikuwa hivyo hivyo. Lakini huenda ndivyo zilivyotakiwa kuwa. Fundi hawezi kusema saa hii ni mbovu kama hajawahi kuiona iliyo nzima.

Mzabibu mwingine aliokuwa anaujua ulikuwa mjini, kwenye baraza la daktari wa meno. Haukutunzwa na mtu, na kila mwaka ulizaa zabibu nyeusi mpaka wagonjwa wakawa wanakanyaga. Kesho yake asubuhi Dakika alifika pale, akavuta kiti cha wagonjwa, akapanda juu yake na kuingiza kichwa kwenye majani.

"Mzee," alisema msichana wa mapokezi, "unaumwa jino lipi?"

"Siumwi, mwanangu. Natazama."

Daktari mwenyewe alitoka na glavu zake, akamkuta mzee wa watu amesimama juu ya kiti na kidude cheusi jichoni, anasema peke yake, "Zimesimama! Loo, hizi zimesimama!" Kwa kweli zilikuwa zimesimama. Kwenye ua la daktari nyuzi tano ziliinuka wima kulizunguka umbo la katikati, vichwa vyake vikiwa juu, vimepasuka, vinamwaga vumbi la manjano. Dakika alishuka, akamtolea daktari maelezo yasiyo na mwanzo wala mwisho, akaondoka na kichala kimoja kwenye karatasi, moja kwa moja mpaka kituo cha kilimo.

Mtaalamu alikuja jioni ile ile. Dakika alimpa lenzi, na yeye akainama kwenye mstari wa kwanza. Baada ya muda alikaa chini kwenye udongo, kofia ya pikipiki bado iko kichwani.

"Mzee," alisema, "ua hili nimelichora kwenye mtihani. Sijawahi kukutana nalo. Nilipokuja mara ya kwanza yote yalikuwa yameshamwagika." Akamwita Mama Shada, akawaonyesha wote wawili kwa ncha ya kijiti. Lile umbo la katikati ndilo linalokuwa zabibu. Ndani yake mna mbegu zinazosubiri. Lakini hazianzi mpaka chavua, lile vumbi la manjano, litue juu kwenye lile tone na kuteremka mpaka ndani. Mizabibu mingi inayolimwa ina vyote viwili kwenye ua moja, kama huu wa daktari, kwa hiyo inajitosheleza. "Wenu una nyuzi, lakini zimekunjwa, na vumbi lake halina uhai. Ni jike, mama. Peke yake hauwezi." Kisha akageuka. "Lakini umezaa miaka yote hii. Lazima palikuwa na dume mahali karibu. Mzabibu usiozaa kabisa, unaochanua tu na kutoa chavua. Niliwauliza, mkasema mna aina moja."

Dakika aliutazama ukuta, kisha maharagwe. "Palikuwepo," alisema. "Mstari mzima. Niling'oa mimi."

Alisubiri aambiwe. Aliona heri aambiwe kwa ukali, mbele ya mgeni. Lakini Mama Shada alikuwa anautazama ule ukuta kana kwamba mizabibu bado ipo pale na yeye ndiyo kwanza anaiona.

"Kumbe hiyo ndiyo kazi yao," alisema. Akarudia, polepole zaidi, "Kumbe. Vumbi linatoka kule, linapita hewani, linanipita mimi ninayepalilia hapa, linakuja kumtafuta huyu. Na hakuna aliyemwonyesha njia." Kisha akamgeukia mtaalamu. "Maua yaliyobaki yanachanua wiki hii. Tufanye nini, mwanangu?"

Daktari wa meno aliwaambia wachukue maua wanayotaka, mradi wamwachie baraza. Walirudi na matawi yaliyochanua kwenye ndoo ya maji, yamefunikwa kwa gazeti lililolowa. Mengine waliyatia kwenye chupa za maji na kuyafunga kwenye waya, katikati ya mistari, ili upepo usaidie. Mengine Dakika aliyakung'utia juu ya sahani, na vumbi likatanda juu ya weupe wake, jepesi mno, ukipumua vibaya linahama. Kwenye mkebe wa biskuti mlikuwa na brashi ndogo ya manyoya laini, ya kusafishia matumbo ya saa. Aliichovya.

Hapo mkono ukaanza. Ulitetemeka tangu kwenye kiwiko, na kadiri alivyoukaripia ndivyo ulivyozidi. Brashi ilitikisika juu ya kichala, na vumbi likashuka juu ya maua yote, taratibu, bila brashi kugusa hata moja.

"Usiuzuie!" alisema mtaalamu. "Mzee, usiuzuie. Hivyo hivyo."

Mama Shada alicheka mpaka akashika nguzo. "Shemeji, siku zote unauficha mfukoni, kumbe ni mashine!" Dakika naye alicheka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kuhusu mikono yake. Walifanya kazi hiyo kila asubuhi mpaka maua yakaisha, yeye na brashi, Mama Shada ameshika sahani na kuzuia upepo kwa kanga. Hawakuweza kuifikia mistari yote. Walimaliza miwili iliyo karibu na jiko, na kipande cha wa tatu.

Kilichotokea baadaye kilionekana hata bila lenzi. Kwenye mistari ya mbali vijipunje vilimwagika kama msimu uliopita, isipokuwa pale karibu na zile chupa. Karibu na jiko vilishika. Vikakaza, vikavimba, vikawa kama njegere, na Mama Shada alikuwa anatoka kila asubuhi kabla ya kunawa uso, anavigusa kwa kidole kimoja, kwa woga, na vinabaki mahali pake.

Siku ya kuvuna mtaalamu alikuja, na daktari wa meno alipelekewa kikapu chake, akaambiwa na msichana wa mapokezi kwamba sukari si nzuri kwa meno. Kwenye ngazi ya jikoni mtaalamu alipasua zabibu moja kwa kisu na kuwaonyesha mbegu zilizolala katikati.

"Kila mbegu moja, mama, ni chembe moja ya vumbi iliyofika."

Mama Shada aliichukua, akaila, akatema mbegu kiganjani. Zilikuwa mbili. Akala nyingine, ikawa na tatu. Ya tatu ilikuwa na moja tu, na hiyo aliitazama kwa muda mrefu kuliko zote.

"Huyu aliponea chupuchupu," alisema.

Kwa ajili ya ukutani, kituo kiliwapa miche ya mizabibu dume iliyokuwa inatunzwa pale kwa ajili ya kuunganishia matawi ya aina nyingine. Dakika aliichimbia mashimo yeye mwenyewe, akaimwagilia kuliko ilivyohitaji, mpaka akakatazwa. Ilichukua misimu kadhaa kufika juu ya ukuta, na wakati huo wote waliendelea na sahani na brashi. Ilipochanua kwa mara ya kwanza walikaa tu jikoni na kuacha upepo ufanye kazi. Mistari yote ilishika, mpaka ule wa mwisho kabisa.

Siku hizi, vichala vikikaribia kuchanua, Mama Shada hutoa kiti cha plastiki na kukiweka kwenye mstari wa kwanza, na anayepita kuulizia zabibu hukalishwa pale kwanza, apende asipende. Juzi alikuwa jirani mmoja mwenye haraka zake, aliyekuja asubuhi mapema kuazima ungo. Alibana lenzi, akainama, akageuza shingo huku na huku.

"Mbona sioni kitu?" alisema. "Kijani tu."

"Subiri jua lipande," alimwambia Mama Shada, akaingia ndani kumtafutia ungo.